Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Mazungumzo ya Kamati kwa Wana Mkiwa

 

Tuanze na utani. Ukiwa ugenini ukaulizwa unatoka wapi, ukajibu "Mkiwa", mtani hakosi kukuambia, "Pole sana, umefiwa na nani?" Katika Kiswahili mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumshika mkono. Tumezoea, tunacheka, tunaendelea na safari. Lakini mwaka huu kamati imeona tuuchukue utani huo kwa uzito kidogo, maana kuna jambo la nyumbani ambalo tumelifanya kikiwa, na limetugharimu.

Jambo lenyewe mnalijua. Ni ile mashine ya kukamua alizeti. Tulichangishana katika harambee kama hii, tukainunua, tukapiga picha mbele yake. Msimu wa kwanza ilikamua, watu wakabeba mafuta kwenye madumu na mashudu kwenye magunia. Msimu wa pili kifaa kimoja kikakatika. Fundi akaitwa kutoka mbali, akaja, akatengeneza, akalipwa, akaondoka na ujuzi wake. Ilipokatika tena hakukuwa na fedha ya kumwita. Tukauliza daftari la mapato liko wapi, tukakuta kila mmoja alidhani linaandikwa na mwenzake. Leo mashine imefunikwa turubai, kuku wanatagia chini yake, na alizeti yetu inauzwa barabarani kwa gunia kama zamani. Mafuta yanakamuliwa kwingine, na mashudu yanabaki huko huko.

Hatumlaumu aliyetuuzia, wala fundi. Kosa ni letu. Tulinunua chuma, hatukununua ujuzi. Kila mmoja alitoa fedha, na hakuna aliyepewa kazi ya kuijua mashine ile kama mama anavyolijua jiko lake. Kwa hiyo tunataka kuzungumza juu ya ubobezi: kwa nini mtu mmoja ashike kazi moja na kuijua sana, faida yake ni nini, na hatari yake iko wapi. Tutajifunza kwa mimea na wadudu wetu, kisha kwa biashara, kisha kwa shule. Mwishoni tutasema tunaomba nini.

Tuanze na alizeti yenyewe, kwa kuwa imetulea. Tunaliita ua moja, lakini ukilikaribia utaona ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana, mia kadhaa, na kwenye kichwa kikubwa elfu na zaidi. Yale ya katikati ndiyo yanayozaa mbegu. Yale ya pembeni, yenye ulimi mrefu wa njano, ambayo ndiyo yanayopendeza kwenye picha, hayazai hata mbegu moja. Kazi yake ni kuita. Yanang'aa ili nyuki ayaone kwa mbali, aje, atue katikati. Hapo kila ua dogo lina zamu yake: kwanza linatoa chavua, na baadaye ndipo linapofunguka kupokea chavua. Kwa mpangilio huo chavua ya mmea mmoja hupata nafasi ya kufika kwenye mmea mwingine, na anayeibeba zaidi ni nyuki.

Sisi tunaokaa mijini tujitazame hapo. Tunakuja na mashati yaliyonyooshwa, tunang'aa, lakini shamba la nyumbani hatulimi. Tusione haya, ila tujue kazi yetu. Sisi ni yale maua ya pembeni. Tusipoita soko, ujuzi na wataalamu waje Mkiwa, basi tunang'aa bure. Na ninyi mlioko nyumbani msituone wavivu, maana kichwa chenye katikati tupu na kichwa chenye pembeni tupu vyote vina hasara.

Sasa tumfuate nyuki mpaka kwenye mzinga wake. Majirani zetu wa Itigi na Manyoni wanajulikana kwa asali, na hata kwetu hakosekani mzee mwenye mizinga ya magogo juu ya miti. Muulizeni, atawaambia kwamba ndani ya mzinga hakuna mzembe, na pia hakuna anayefanya yote. Malkia anataga. Nyuki watenda kazi, ambao wote ni majike, wanagawana kazi kwa umri. Akitoka tu kwenye kitundu chake, siku za kwanza anasafisha vitundu. Kisha anakuwa yaya, analisha majana. Halafu anajenga masega kwa nta inayotoka mwilini mwake, na anapokea mbochi, yaani maji ya maua, kutoka kwa wanaorudi. Baadaye anaweza kusimama mlangoni kulinda. Akifika wiki ya tatu hivi ndipo anapokwenda porini kuchuma, na hiyo ndiyo kazi yake mpaka mwisho. Wakati wa maua mengi maisha yake yote ni kama wiki sita tu.

Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, mchumaji hajihifadhii asali. Anafika mlangoni, anamkabidhi mpokeaji, anarudi porini. Wapokeaji wakiwa wachache, mchumaji akasubiri mno, anacheza mchezo wa kutetemeka ndani ya mzinga, na wengine wanaacha walichokuwa wanafanya na kuja kupokea. Mzinga unajua kwamba kuchuma kwingi bila mpokeaji ni hasara. Sisi tulikuwa na wachumaji wengi wa alizeti na mashine moja, na hatukuwa na mpokeaji.

La pili, wanapeana habari. Aliyeona maua mazuri anarudi na kucheza juu ya sega, na kwa mchezo huo wenzake wanajua ni upande gani wa jua na ni umbali gani. Karl von Frisch, mtaalamu kutoka Austria, alitumia miaka mingi kuusoma mchezo huo, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli. Kila mwenye kazi yake pale anasema alichokiona. Hafichi.

La tatu ndilo kubwa. Watafiti wamewahi kuwaondoa wachumaji wote kwenye mzinga ili waone itakuwaje. Nyuki wadogo, ambao bado walikuwa mayaya, walianza kwenda porini kabla ya umri wao. Wakafanya na kinyume chake, wakawaondoa mayaya. Baadhi ya wachumaji waliozeeka wakarudi ndani kulea, na miili yao ikaanza tena kutengeneza chakula cha majana. Kwa hiyo nyuki amebobea, lakini hajafungwa. Ana kazi yake leo, na kazi ya mwenzake iko mwilini mwake ikisubiri dharura. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

Tutoke mzingani, tuje njia panda. Mwenyezi Mungu alitupa mahali. Barabara inayotoka Singida kwenda Manyoni na Dodoma inapita kwetu, na hapo hapo inachepuka njia ya Itigi, Rungwa, Makongolosi na Chunya mpaka Mbeya. Mahali pa namna hiyo ndipo kazi zinapogawanyika zenyewe. Mtazameni kuku wa kienyeji wa Singida. Mama anamfuga uani. Mchuuzi anapita na baiskeli kijiji kwa kijiji anakusanya. Mwingine anapanga kwenye matenga na kujua basi gani au lori gani linapakia. Dar es Salaam kuna anayepokea alfajiri, kuna anayechinja, kuna anayechoma. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kazi zote hizo, na mama wa uani hamjui mla kuku wa Kariakoo. Lakini kuku anafika, na kila mmoja anapata chake.

Mwaka 1776 mtaalamu wa uchumi wa Uskoti, Adam Smith, aliandika juu ya karakana ndogo ya kutengeneza pini. Alisema mtu mmoja asiyeifahamu kazi ile, akitengeneza peke yake tangu waya mpaka mwisho, huenda asimalize pini 20 kwa siku. Lakini watu 10 waliogawana, huyu anavuta waya, huyu anaunyoosha, huyu anakata, huyu anachonga ncha, walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Akaongeza neno linalotuhusu sana watu wa njia panda: kazi zinaweza kugawanyika kwa kadiri ya ukubwa wa soko tu. Kijiji kisicho na njia, fundi cherehani wake lazima alime, maana nguo za kushona hazimtoshi. Kijiji chenye njia kinaweza kumlisha fundi wa kazi moja. Tuna njia. Swali ni kama tuna mafundi.

Lakini Smith huyo huyo alionya kwamba mtu anayerudia jambo moja dogo maisha yake yote, asitumie akili kwa kingine, anadumaa. Na wanaodumaa si watu tu, hata nchi huweza kudumaa. Tuukumbuke mkonge. Ulikuja Tanganyika mwaka 1893, ukaota, ukaenea Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kutoka mikoa ya bara kwenda kuukata. Nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ilizalisha karibu tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na yakaongezeka matatizo ya kuendesha mashamba yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameshuka mpaka karibu tani 20,000. Miji midogo iliyojengwa kwa zao moja ikabaki na reli ya ndani yenye kutu na watu wasiojua kazi nyingine.

Kwa hiyo tukisema tubobee kwenye alizeti na asali, hatusemi mtama na uwele vitupwe. Wazee wetu wa nchi hii kavu hawakuwa wajinga walipopanda mbegu zaidi ya moja na kuweka mbuzi zizini. Mvua ikikataa hili, ilikubali lile. Mshika mbili moja humponyoka, ni kweli, na neno hilo ni la fundi mmoja mmoja. Kijiji kina mikono mingi, na kinaweza kushika mengi, ilimradi kila mkono uwe na chake.

Tuje kwenye kujifunza. Watoto wetu wakifika kidato cha tano wanachagua tahasusi: huyu fizikia, kemia na biolojia, yule historia, Kiswahili na lugha nyingine. Na tangu mwaka 2024, kwa sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, baadhi ya shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma huku akijifunza ufundi. Tunasikia wazazi wakisema amali ni ya walioshindwa. Tunawaomba mtazame ile mashine chini ya turubai. Tuna wahitimu wa vyuo vikuu wengi katika ukumbi huu, na tunawapigia makofi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufungua bolti zile na kujua kilichokatika. Nani hapo aliyeshindwa?

Vijana wa kompyuta watatusamehe tukiwaingilia kidogo, maana hata mashine zinazojifunza zimelijua jambo hili. Mwaka 1991 watafiti wanne, Robert Jacobs, Michael Jordan, Steven Nowlan na Geoffrey Hinton, walichapisha njia ya kuifundisha kompyuta kwa mgawanyo wa kazi. Badala ya programu moja kubwa kujifunza yote, waliweka programu ndogo kadhaa, na mlangoni wakaweka nyingine ya kugawa: swali likija, mgawaji anaangalia nani analiweza zaidi, anampelekea. Kadiri kila mmoja anavyopokea maswali ya aina yake, anazidi kuyaweza. Njia hiyo leo imo ndani ya baadhi ya programu kubwa zinazoandika na kujibu maswali.

Ila ina ugonjwa wake. Mmoja akianza kuwaweza maswali mapema kidogo kuliko wenzake, mgawaji humpelekea yeye. Akipelekewa anajifunza zaidi. Akijifunza zaidi anapelekewa tena. Wenzake hawapati kazi, hawajifunzi, wanabaki wajinga, na mzigo wote uko kwa mmoja. Ndiyo maana mafundi wa programu hizo huweka kanuni ya kumlazimisha mgawaji asambaze kazi.

Hapo mmecheka, na tunajua kwa nini. Kila kamati nyumbani ina katibu yule yule. Kamati ya shule ni yeye, ya maji ni yeye, ya msiba ni yeye, hata ya harusi ni yeye, kwa sababu "yeye ndiye anayejua." Anajua kwa kuwa tunampa. Wengine hawajui kwa kuwa hatuwapi. Siku akiugua, daftari linaugua naye. Kwa hiyo kubobea hakuna maana ya kumwachia mmoja kila kitu. Kubobea ni wengi kupewa nafasi, kila mmoja na chake, na kila mwenye chake awe na anayemtazama mikono.

Sasa ombi letu. Wapo ndugu waliopendekeza kwamba fedha za mwaka huu tununue mashine mpya, kubwa kuliko ile. Kamati imekaa, tumebishana, na hatukukubaliana mara moja. Tulichokubaliana mwishoni ni hiki: tusinunue chuma kingine kabla ya kununua ujuzi. Jifya moja haliinjiki chungu. Tunataka mafiga matatu.

Figa la kwanza ni fundi wa mashine. Tutafute vijana wawili, wasome ufundi VETA Singida, kisha wakae na watu wa SIDO mpaka waweze kuifungua ile mashine, kuitengeneza na kuifunga. Mtihani wao wa mwisho uwe mashine yetu wenyewe, pale ilipo.

Figa la pili ni mfuga nyuki aliyesomea. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora, si mbali kwetu. Wawili waende, warudi waungane na wazee wa mizinga ya magogo, kila upande ukiwa na la kufundisha. Mizinga ikikaa karibu na mashamba ya alizeti, nyuki watapata maua, na alizeti itapata wa kubeba chavua yake.

Figa la tatu ni mtunza hesabu na soko. Wawili tena, mmoja awe mwanamke, maana akina mama ndio wanaobeba madumu na ndio wanaojua bei ya kweli. Wajifunze kuandika mapato, kutenga fedha ya vipuri kabla ya kugawana faida, na kumpigia simu mnunuzi kabla gunia halijafika barabarani.

Mtatuuliza kwa nini wawili wawili. Kwa sababu ya lile la mzinga: mmoja akiondoka, mwingine asimame. Na mtatuuliza, tukimsomesha kijana si atahamia mjini? Tunajibu bila kuficha: wengine watahama. Nusu yetu tulioko hapa tulifanya hivyo hivyo kwa karo iliyouzwa mbuzi. Ndiyo maana kila atakayesomeshwa ataahidi mbele ya wazee kumfundisha mwenzake mmoja kabla ya kuondoka. Akienda baada ya hapo, aende na baraka, naye awe ua la pembeni la kutuitia wengine.

Mchango wa fedha utapokelewa mezani kwa stakabadhi, na kamati itasoma hesabu hadharani mwaka ujao kama kawaida. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki kuna nafasi ya kuandika kitu kingine. Andika jina lako na kazi unayoijua vizuri, hata kama unaiona ndogo: muuguzi, dereva wa lori, mwalimu, mkaguzi wa hesabu, mshonaji, mchomeleaji, mpishi. Andika pia siku ngapi kwa mwaka unaweza kumpa mtu wa nyumbani akutazame ukifanya. Yule mkaguzi wa hesabu angekuja siku mbili tu miaka ile, daftari la mashine lisingepotea.

Tulianza na utani wa jina letu. Mtu anayejua kazi moja tu na hana wa kubadilishana naye, huyo ni mkiwa kweli kweli. Na mtu anayejaribu kazi zote peke yake ni mkiwa vile vile. Mwaka ujao mtani akituuliza tumefiwa na nani, tunataka tumjibu kwa dumu la mafuta na chupa ya asali, na atukute tumekaa watu wengi, kila mmoja na kazi yake, tumezunguka chungu kimoja.